Sauti ya Gitaa Haiuzwi Mnadani

Tarehe 20 Juni, 2019, katika nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York, gitaa moja jeusi la umeme, Fender Stratocaster lililonunuliwa dukani katika mji huohuo mwaka 1970 na kubadilishwa shingo, sumaku na viungo vyake vingine kadiri miaka ilivyopita, liliuzwa kwa dola 3,975,000 za Marekani. Mwenyewe alikuwa David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd ya Uingereza, ambaye aliamuru fedha zote ziende kwa jumuiya ya ClientEarth, ambayo mawakili wake huitetea ardhi, bahari na hewa mahakamani. Sina neno juu ya ukarimu wa muuzaji wala juu ya hamu ya mnunuzi, kwa kuwa kila mtu ana hiari na mali yake. Ila fikra iliyoandamana na mnada ule, kwamba katika ubao ule na nyuzi zile imehifadhiwa siri ya sauti iliyowaliza watu wa mabara yote, ni fikra inayowapoteza wengi, na zaidi ya wote huwapoteza vijana wanaojinyima ili wanunue ala ya jina kubwa, wakitaraji kwamba siku watakapoishika mikononi sauti ile itatoka yenyewe.

Nasema mimi kwamba solo kuu za muziki wa roki ni kazi ya koo kabla ya kuwa kazi ya vidole. Mpigaji huimba kwanza ndani ya nafsi yake, kisha huutafutia uzi namna ya kutamka kile alichokiimba. Na wale ambao solo zao zimedumu masikioni mwa watu kwa miaka 50 na zaidi, ilhali wengi waliokuwa na vidole vyepesi kuliko wao wamesahauliwa, ni wale waliofaulu kulifanya gitaa livute pumzi, lisite, lilalamike, na linyamaze mahali pa kunyamaza. Huu ndio mzani nitakaoutumia katika makala haya, na pale utakapolemewa nitasema wazi kwamba umelemewa.

Msomaji aliyelelewa na muziki wa dansi, aliyemsikia Mbaraka Mwinshehe akiongoza gitaa la solo la Morogoro Jazz, au Franco na Dokta Nico wa Kongo katika zama zao za fahari, amezoea gitaa linaloandamana na mwimbaji tangu wimbo unapoanza hadi unapokoma, likimjibu na kumsindikiza, na mwisho likishika hatamu wakati wa sebene, watu wakiwa wamekwisha kuviacha viti vyao. Katika roki desturi ni nyingine. Huko gitaa la solo aghalabu hupewa mlango mmoja tu, baada ya kiitikio cha pili, kwa muda wa nusu dakika au dakika moja. Mwimbaji hurudi nyuma, ngoma na besi huendelea na mwendo wao, na mpigaji huingia uwanjani akijua kwamba amekabidhiwa nafasi finyu ya kusema jambo ambalo beti zilizotangulia zimelikaribia bila ya kulifikia. Ufinyu huo ndio uliozaa ufasaha wa solo zilizo bora, na ndio pia unaozifedhehesha zile mbovu, maana mtu aliyepewa nafasi fupi akaijaza maneno matupu hujulikana upesi kuliko aliyepewa usiku kucha.

Gitaa kwa maumbile yake ni ala yenye pumzi fupi. Uzi ukidonolewa, sauti huzaliwa na nguvu zake zote na papo hapo huanza kufa, tofauti na fidla, ambayo upinde wake waweza kuishika noti moja kwa muda autakao mpigaji, au zumari, ambayo hudumu maadamu mapafu yanadumu. Wapiga udi wa taarabu wanaijua sana taabu hii, nao huishinda kwa kuudonoa uzi mmoja upesi upesi mfululizo, hata masikio yakadhani sauti haikukatika. Umeme ulileta dawa nyingine. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotetema juu yake huzaa mkondo dhaifu, na mkondo huo hupelekwa katika amplifaya ukakuzwa. Amplifaya ikifunguliwa kupita kiasi ilichoundiwa, vali zake hulemewa, kilele cha sauti hukatwa, mkia wake huinuliwa, na noti ambayo ingalikufa kwa kitambo kidogo hubaki hai, ikikwaruza na kunguruma, mpaka mpigaji apende kuiachia. Mafundi wa studio waliihesabu hali hiyo kuwa ila ya kuepukwa. Mwaka 1966, katika studio za Decca mjini London, Eric Clapton, kijana aliyekuwa na miaka 21, alipokuwa akirekodi na bendi ya John Mayall, alikataa katakata kuupunguza ukali wa amplifaya yake ya Marshall, akishikilia kwamba sauti aliyoizoea jukwaani ndiyo itakayoingia katika sahani, na hatimaye ikawa hivyo. Sahani ile ilipotoka, wapiga gitaa wa Uingereza walitambua kwamba ala yao imepewa pumzi ndefu, na kwamba tangu hapo yaweza kushindana na mwimbaji katika kuishikilia noti.

Walakini pumzi si usemi. Mtu aweza kuwa na mapafu ya mpuliza siwa na asiwe na la kusema. Usemi wa gitaa la roki ulitoka kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, na kama ningeombwa kumtaja mmoja aliyeufundisha ulimwengu, ningemtaja B.B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925. Jamaa yake wa upande wa mama, Bukka White, alikuwa mpiga bluzi wa mtelezo, yaani wa kuburuza chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole, na sauti ya mtelezo ule, inayofanana sana na kilio cha mtu, ilimkaa King moyoni. Alijaribu kuiiga akashindwa, chuma hakikumtii. Ndipo akaitafuta sauti ileile kwa kidole kitupu. Atazamaye filamu zake na auangalie mkono wa kushoto: kidole cha shahada kimeubana uzi, kidole gumba kimeiachia shingo ya gitaa, vidole vingine vimetawanyika hewani, na mkono mzima unatikisika kutoka kwenye kifundo, upesi na kwa kipimo kimoja, hata noti iliyosimama inatetema kama itetemavyo sauti ya mwimbaji mwishoni mwa ubeti. Wala hakupiga solo na kuimba kwa wakati mmoja. Alipoimba, gitaa lilinyamaza. Lilipoimba gitaa, yeye alifumba macho akangoja zamu yake, na wimbo ukawa mazungumzo ya wawili wanaojuana tangu zamani.

Jambo la pili katika usemi huo ni kuvuta uzi, yaani kuusukuma kando huku umebanwa, ili sauti ipande taratibu hadi noti ya juu, au isimame katikati, mahali ambapo piano haina ufunguo wake. Albert King, ambaye alipiga kwa mkono wa kushoto bila ya kuzipanga nyuzi upya, hivyo uzi mwembamba ukawa juu na mnene ukawa chini, aliuvuta kuelekea chini kwa nguvu ambazo waliopiga kwa njia ya kawaida walizionea wivu. Nyuzi za miaka ya 1950 zilikuwa nene na kaidi, na James Burton wa Louisiana alifikia hatua ya kufunga nyuzi za banjo katika gitaa lake ili apate kuzivuta atakavyo. Katika noti hizo zisizo na makao rasmi ndimo roki ilimopata huzuni yake na kejeli yake, na mtu asiyezisikia noti hizo moyoni hawezi kuzipata kwa kuhesabu.

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye orodha za solo bora, zinazochapishwa mara kwa mara katika magazeti ya Ulaya na Marekani, aghalabu humpita bila ya kumtaja. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, mtoto wa mama mhubiri, na tangu utotoni alisimama mbele ya waumini na gitaa mkononi. Mwaka 1938 alianza kurekodi sahani, na kabla Elvis Presley hajaingia studio, mama huyu alikuwa amekwisha kuliungurumisha gitaa la umeme mbele ya halaiki za watu, akiimba nyimbo za Injili kwa mdundo ambao baadaye vijana waliupa jina jipya wakadhani ni mali yao.

Tarehe 7 Mei, 1964, televisheni ya Granada iliwakusanya vijana wa Kiingereza katika stesheni ya reli iliyokuwa haitumiki tena, kando ya mji wa Manchester. Wao walikaa upande mmoja wa reli, na upande wa pili palipambwa mfano wa stesheni ya kusini mwa Marekani. Siku ile ilikuwa ya mvua. Rosetta, ambaye umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50, alifika katika gari la farasi, amevaa koti zito na viatu vya visigino, akalivaa gitaa lake jeupe, akauchagua wimbo wa gharika ya Nuhu, kwa kuwa mbingu zilikuwa zimekwisha kumpa maudhui. Ilipofika zamu ya solo alisimama wima, akiwakabili watu, akatoa vifungu vifupi vikali, kila kimoja kikifuatwa na upenyo wa kimya, ndipo kikaja kingine kukijibu cha kwanza; na aliyepata kuingia katika kanisa ambalo mhubiri husema na waumini huitika atatambua mara moja kwamba mwanamke yule alikuwa akihubiri kwa nyuzi, na kwamba vile vipenyo vya kimya alikuwa amewaachia wasikilizaji waitike. Alifariki mwaka 1973 mjini Philadelphia, na kwa zaidi ya miaka 30 kaburi lake lilikaa bila ya jiwe la jina. Jumba la heshima la roki mjini Cleveland lilimwingiza mwaka 2018, miaka 32 baada ya kuanza kuwaingiza watu waliojifunza kutoka kwake. Dhuluma hii inaniuma, na siamini kwamba ilitokea kwa kupitiwa tu. Historia ya roki ilianza kusimuliwa pale vijana wa kizungu walipoishika, na ya nyuma yakaachwa gizani.

Chuck Berry alipata bahati kubwa zaidi, naye aliistahili. "Johnny B. Goode", aliyoitoa Chicago mwaka 1958, hufunguliwa na kifungu cha gitaa ambacho asili yake ni Carl Hogan, mpigaji wa bendi ya Louis Jordan, katika sahani ya mwaka 1946, Berry akakichukua, akakichapa nyuzi mbili kwa pamoja, akakipa mwendo wa gari moshi, na tangu hapo kila mwanafunzi wa roki amepitia mlango huo. Wimbo huo wa Berry ulitiwa katika vyombo vya angani vya Voyager mwaka 1977.

Lau ningelazimishwa kuchagua solo moja kati ya zote, ningeichagua ile ya Jimi Hendrix katika "All Along the Watchtower". Hendrix alizaliwa Seattle mwaka 1942. Alipiga kwa mkono wa kushoto akitumia gitaa la mkono wa kulia aliloligeuza na kuzipanga nyuzi zake upya. Na kabla ya kwenda London mwaka 1966 alikuwa ametumikia nyuma ya Little Richard na Isley Brothers, akipiga rizimu usiku baada ya usiku, na utumishi huo haukupotea bure. Kidole gumba chake kirefu kilipita juu ya shingo ya gitaa kikazibana nyuzi nene, vidole vingine vikabaki huru kuremba juu yake, hata rizimu na solo zikatoka katika mkono mmoja bila ya kuonekana mahali zinapoachana. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Bob Dylan, ambaye aliutoa mwishoni mwa mwaka 1967 kwa gitaa kavu na kinanda cha mdomo, katika hali ya upole. Hendrix aliuanza mjini London mwezi wa Januari 1968, akaumalizia New York.

Solo ya katikati ya wimbo huo ina beti nne, na kila ubeti una sauti yake. Wa kwanza ni wa gitaa la kawaida, lenye kusema kwa utulivu wa mtu ajuaye kwamba atasikilizwa. Wa pili ni wa mtelezo, ambao Hendrix aliupata kwa kuburuza kiberiti cha chuma juu ya nyuzi, na sauti inaelea huku na huku katika mwangwi. Wa tatu ni wa kanyagio la wa-wa, chombo kinachowekwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu, ambacho hufungua na kufumba sauti kama mdomo wa mtu unaotamka irabu, na hapo gitaa karibu linasema maneno. Katika wa nne Hendrix anaacha noti moja moja na kuchapa nyuzi nyingi kwa pamoja, kwa mkato wa rizimu aliojifunza katika miaka ile ya utumishi, mpaka mwimbaji anaporejea na beti zake. Mambo hayo yote yamepita katika dakika moja au kuizidi kidogo, na hakuna kifungu kilichowekwa kwa ajili ya kujionyesha. Dylan mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliipenda kazi ile, na kwamba tangu Hendrix alipofariki ameupiga wimbo wake kwa kufuata njia yake, na sijui sifa iliyo kubwa kuliko hiyo kutoka kwa mtunzi kwenda kwa mpigaji.

Kuna solo nyingine ambayo haikupewa mlango mmoja wa wimbo, bali ilipewa nyumba nzima. Mwaka 1971 bendi ya Funkadelic ilitoa "Maggot Brain", muda wake dakika kama 10, na karibu muda huo wote ni wa gitaa la Eddie Hazel, kijana wa miaka 20 hivi. Kiongozi wa bendi, George Clinton, amesimulia kwamba kabla ya utepe kuanza kuzunguka alimwambia Hazel apige kana kwamba ameletewa habari ya kifo cha mama yake. Baada ya kusikia kilichotoka, Clinton alizishusha ngoma na ala nyingine mpaka zikakaribia kutoweka, akaacha gitaa jingine dogo likizunguka kwa upole chini ya lile la maombolezo. Hazel anaanza kwa vifungu virefu vinavyopanda na kukatika kabla ya kufika, kama mtu ambaye kilio kinamzuia kumaliza jina analoliita. Kisha mwangwi unayashika maneno yake na kuyarudisha juu yake mwenyewe. Nimewasikia watu wanaosema kwamba solo ndefu ni ulafi. Mbele ya hii hoja yao hainishawishi, kwa kuwa matanga nayo yana muda wake, na hakuna amwambiaye mfiwa afupishe.

Sasa nirudi kwa Gilmour, maana kisa chake chaondoa dhana nyingine iliyoenea, kwamba solo kuu hushuka tayari kutoka ghaibu na kazi ya mpigaji ni kuipokea tu. Solo ya pili ya "Comfortably Numb", katika sahani ya "The Wall" ya mwaka 1979, hupewa daraja la juu karibu katika kila orodha, na Gilmour ameeleza waziwazi jinsi ilivyopatikana. Aliipiga mara tano au sita, kila mara kwa namna nyingine. Akaketi kuzisikiliza zote. Akaandika katika karatasi penye vifungu vilivyomridhisha. Kisha, kwa kuinua na kushusha vishikizo vya meza ya kurekodia, akavitoa vifungu hivyo katika nyuzi za utepe mbalimbali na kuviunganisha kuwa usemi mmoja usioonekana kiungo. Hapana fedheha katika jambo hilo. Malenga hufuta na kuandika upya, na hakuna ailaumuye kazi yake kwa sababu hakuitunga kwa pumzi moja. Palipo na siri ni katika kuchagua, na kuchagua ni kazi ya sikio linaloimba. Gitaa alilolitumia ndilo lile jeusi lililouzwa New York. Na Gilmour alipofanya ziara ya mwaka 2024, Roma, London, Los Angeles na New York, gitaa lile likiwa limekwisha kuwa mali ya mwingine, aliupiga wimbo huohuo kwa gitaa jingine, na mtetemo ukawa uleule, mvuto wa uzi ukawa uleule, na kusita kwake kabla ya noti ya juu kukawa kulekule.

Brian May wa bendi ya Queen anaithibitisha hoja hii kutoka upande wa pili, kwa sababu hakununua gitaa kabisa. Mwaka 1963, akiwa na miaka 16, alianza kuliunda nyumbani pamoja na baba yake: shingo ilichongwa katika ubao wa zamani uliotoka juu ya meko, springi zilikuwa za vali za pikipiki, na vidoto vya kuonyesha nafasi za vidole vilikatwa katika vifungo vya lulumizi vya mama yake. Nyuzi huzichapa kwa sarafu ya peni sita, ambayo ukingo wake wenye meno huupa kila mdonoo mkwaruzo mdogo mwanzoni, mfano wa konsonanti itanguliayo irabu. Wimbo wa "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975 ulitungwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Farrokh Bulsara na jamaa yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Ilipofika zamu ya solo, May hakutaka kuyarudia mahadhi yaliyokwisha kuimbwa. Aliyasikia kichwani mahadhi mapya yanayofaa kukaa juu ya mwendo ule ule, akaviacha vidole viyafuate. Jaribu kuiimba solo ile kwa mdomo, nawe utaona kwamba inaimbika yote, tangu noti ya kwanza hadi pale inapoukabidhi wimbo kwa zile sauti nyingi za opera.

Wapo waliofika mbali kwa njia fupi zaidi. Neil Young, katika "Cinnamon Girl" ya mwaka 1969, alitengeneza solo ambayo karibu yote ni noti moja inayorudiwa, akaitikisa na kuisukuma mpaka ikawa na hasira na furaha ndani yake. Kurt Cobain, katika "Smells Like Teen Spirit" ya mwaka 1991, aliyarudia tu mahadhi ya mwimbaji, ambaye ni yeye mwenyewe, na ikatosha. Na "Hotel California" ya mwaka 1976, ambayo bendi za hoteli za mwambao wetu zimeipiga kwa miaka mingi hata watu wakaijua kwa moyo, huishia kwa magitaa ya Don Felder na Joe Walsh yanayopokezana kwanza na kisha kwenda sambamba, sauti mbili zilizopangwa kwa uangalifu kiasi kwamba walipokuwa Miami wakirekodi, Felder alipiga simu nyumbani kwake California ili achezewe utepe wa majaribio, apate kukumbuka alivyopiga mara ya kwanza.

Mzani wangu unalemewa kwa Eddie Van Halen. Solo yake ya "Eruption", ya mwaka 1978, ina dakika 1 na sekunde 42, na sehemu yake iliyoushangaza ulimwengu haiimbiki na koo lolote. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1955, akakulia California, na utotoni alisomeshwa piano. Alipohamia katika gitaa aliuleta mkono wa kulia juu ya shingo ukaungane na wa kushoto, vidole vya mikono yote miwili vikagonga nyuzi mfululizo, na noti zikamiminika kwa mpangilio wa kinanda. Wengine walikuwa wamekwisha kuigusa njia hii kabla yake, lakini hakuna aliyeifanya kuwa lugha. Siwezi kusema kwamba hapa pana mwimbaji. Naweza kusema kwamba pana furaha, na kwamba chini ya mbio zile pana mwendo wa mwili, unaonesa, ambao waigaji wake wa miaka ya 1980 hawakuuona. Wao walichukua kasi wakauacha mneso, na sahani zao leo zimelala makabatini. Alipoalikwa mwaka 1982 kutia solo katika "Beat It" ya Michael Jackson, kazi ambayo aliifanya bila ya kudai ujira, aliomba kwanza mpangilio wa kipande kile ubadilishwe ili solo yake ipate ardhi nzuri ya kukanyaga, na hilo lanionyesha kwamba aliusikiliza wimbo kabla ya kuvisikiliza vidole vyake.

Kijana anayejifunza gitaa leo anazo picha na mafunzo ya kila namna katika simu yake, na aweza kujua kila noti ya Hendrix imebanwa wapi. Nampa shauri moja: kabla ya kuugusa uzi, akiimbe kifungu kwa sauti yake mwenyewe, hata ikiwa mbaya, na ajue mahali anapolazimika kuvuta pumzi, kwa maana hapo ndipo gitaa nalo lapasa kupumua. Na watangazaji wa redio zetu, ambao katika vipindi vyao vya nyimbo za kale wana desturi ya kuanza kusoma salamu na matangazo mara tu mwimbaji anaponyamaza, kana kwamba wimbo umekwisha, nawaomba wairekebishe desturi hiyo. Solo ya pili ya "Comfortably Numb" huchukua muda wa takriban dakika mbili; salamu zaweza kungoja dakika mbili. Fauka ya hayo, na watenge jioni moja wapige kwa utaratibu, wakianza na Rosetta Tharpe wa Manchester, kisha B.B. King, kisha Clapton wa mwaka 1966, ndipo waje kwa Hendrix na Hazel, ili msikilizaji ausikie ukoo huu ulivyozaliana, na Rosetta asikike kwanza, mahali pake.